Kikapu Anacho Hamida

Walikuwa wamekwisha mfikisha nusu ya ngazi pale Mzee Khalfan alipoanza kupiga kelele. Lifti ilikuwa imetekwa na makabati tangu asubuhi, basi wapagazi wawili wa kuhamisha nyumba, Wapathani wenye mabega mapana kama milango, walimbeba juu ya kiti chake, mmoja mbele mmoja nyuma, kama bwana harusi aliyechelewa. Chini, katika kichochoro cha Al Mankhool, Dubai, lori lilikuwa limeachama, nusu ya nyumba imo tumboni mwake. Mwana wa mzee, Soud, alikwisha tangulia na funguo. Nyuma ya kiti alikuwa Joha, mlezi wa mzee, na mto kwapani na mfuko wa dawa mkononi. Nyuma ya Joha alikuwa Monicah, mpishi, amekumbatia sufuria kama mtu anayeogopa kuibiwa mtoto.

"Hamida kabaki!" mzee alilia. "Simamisheni! Hamida kabaki nyuma! Kikapu anacho Hamida!"

Wapagazi wakasimama, si kwa kuelewa, bali kwa sababu mzee alikuwa amekamata chuma cha ngazi kwa ule mkono wake mmoja uliosalia na nguvu, na haukubanduka.

"Anasema nini?" Soud aliuliza kutoka chini, kwa Kiarabu.

 Kwa miezi mizima Joha alimwosha mzee huyu, akamlisha, akamgeuza kitandani, akingoja jina hilo limtoke kinywani kama mvuvi wa mtoni anavyokodolea uzi. Sasa limetoka, tena limetoka na kikapu chake. Hapakuwa tena na shaka. Ndiye.

"Anasema ana kiu, sir," akajibu.

Maji yakaletwa. Mzee akayapiga kikumbo, yakammwagikia kanzu. Wakambandua vidole kimoja kimoja, wakashuka naye, na alipoingizwa garini alikuwa bado amepinda shingo anatazama nyuma, anatafuta mtu.

 Monicah alivuta pumzi puani tu, mvuto mmoja mrefu, kama mtu aliyeonja mchuzi akaukuta umeungua.

*

Joha alizaliwa Unguja, lakini alilelewa ndani ya siku moja ya mwaka sitini na nne. Siku hiyo ilikuwa ya bibi yake, Hamida, mama wa mama yake, naye aliwagawia wajukuu kama watu wengine wanavyogawa vitumbua.

Ilikuwa nyumba ya baba mmoja na ngazi mbili. Juu alikaa mke mkubwa, Mwarabu, na watoto wake. Mkubwa wao Khalfan. Chini, ubavuni mwa jiko, alikaa mke mdogo, mtu wa Makunduchi, na binti yake Hamida. Baba alimpenda Hamida, hilo bibi hakulikana. Na Khalfan ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli uani, akimshikilia tandiko mpaka pumzi zikamwishia. Lakini wageni walipokuja, mbeba kahawa alikuwa Hamida. Na mgeni akiuliza mtoto huyu wa nani, wa juu walijibu, "Wa humu humu nyumbani." Jibu hilo halikuwa uongo. Lilikuwa kama nguo fupi: inasitiri, lakini si yote.

Yakaja mapinduzi. Nchi ikazaliwa kwa damu kama azaliwavyo mtoto yeyote. Waliokuwa upande huu wakaona mtoto, waliokuwa upande ule wakaona damu tu. Baba akauawa katika siku zile za kwanza, na kaburi lake halikujulikana. Mama yake Hamida alikuwa amekwisha kufa zamani kwa homa. Basi ilipokuja meli ya kuwachukua waliotaka kwenda zao, Khalfan, kijana wa miaka ishirini ambaye ghafla alikuwa ndiye mwanamume wa nyumba, akawapanga foleni: mama, dada zake wawili, na Hamida wa mwisho, binti wa miaka kumi na minne, kabeba kikapu cha chakula cha safari.

Mlangoni mwa bandari alisimama kijana mwenye bunduki iliyomzidi urefu. Akawatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Hamida akaitazama rangi yake, akauliza, "Na huyu?"

Khalfan akasema, "Huyo kijakazi wetu tu."

Yule kijana akacheka. "Vijakazi wamekwisha nchi hii," akasema. "Hukusikia? Nakuuliza tena: kijakazi au ndugu?"

Na Khalfan akanyamaza.

Bibi hakuwa akilia anapofika hapo. Alikuwa akinyanyuka na kwenda jikoni. Huko alikuwa na ada yake, ambayo mtaa mzima uliijua na kuicheka. Kila nazi aliyotaka kupasua aliipa jina. "Nileteeni huyo Khalfan," angesema, na mtoto angeleta nazi, na bibi angeipima kiganjani, akaizungusha, akaipiga upanga mmoja, maji yakaruka. Wajukuu walijua kabla ya kujua kuhesabu kwamba Khalfan ni kitu cha kupasuliwa. Siku za sikukuu walipasuliwa Khalfan wengi.

Kwa watu wa pale Hamida alikuwa binti wa Mwarabu, asiyeaminika. Kwa waliokwenda zao alikuwa kijakazi. Nchi mpya ilimpa kitambulisho, haikumpa ndugu. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na kila Ijumaa akatia ubani. Hakuna aliyejua anamtilia nani.

Joha alikuwa na cheti kidogo cha kulea wagonjwa, alichokipata kwa kuingia na kutoka darasani kila ada ilipokwama, siku aliposikia dalali mmoja wa Darajani anatafuta msichana wa kwenda Dubai. Kuna mzee kule, dalali alisema, mtu wa asili ya hapa, kapigwa na kiharusi. Kiharusi kimemfagia Kiarabu chote, kikachukua na Kiingereza cha ofisini, kikamwachia Kiswahili cha uani peke yake. Na watoto wake hawajui neno. Aliwakataza tangu wadogo, nyumbani kwake lugha hiyo isisikike, ili wawe watu wa kule hasa.

"Anaitwa nani?" Joha aliuliza.

Akaambiwa jina, na jina la baba, na mtaa walikotoka.

Alirudi nyumbani akamkuta bibi yake ameshika nazi. "Shikamoo bibi. Nimepata kazi. Kulea mzee, Dubai."

"Marahaba. Mzee wa nani?"

"Wa watu."

Bibi akapasua. "Haya," akasema. "Kamwangalie vizuri mzee wa watu."

*

Mtu aliyenyang'anywa mguu hutumia fimbo. Aliyenyang'anywa ulimi hana budi kutumia ulimi wa mwenzake. Mzee Khalfan alikuwa na wana, wakwe na wajukuu, lakini ulimi wake alikuwa Joha. Kila alichosema kilipita kwake kama mzigo unavyopita forodhani, na Joha akaamua kipi kipite na kipi kirudi.

Nyumba mpya ilikuwa Jumeirah Village Circle, ghorofa ya nne, yenye roshani inayotazama kreni na uwanja wa mchanga ambao siku moja utakuwa bustani. Ijumaa, baada ya sala, wajukuu walikuja kumbusu babu yao kipaji. Mzee aliwashika mikono, akasema, "Njooni babu zangu. Kaeni. Kaeni nami kidogo."

"Anasema kelele zinamuumiza kichwa," Joha akatafsiri.

Watoto wakatoka kwa ncha za vidole, kwa adabu. Mlango ukafungwa taratibu. Mzee akabaki na mkono hewani.

"Mbona wamekwenda? Wamekwenda wapi?"

Joha akamnyoosha shuka. "Wamepanda meli, bwana," akasema polepole. "Wamekuacha."

Akakiona kidevu cha mzee kikitetemeka, akasikia kitu kitamu kikimshuka kooni. Alifikiri ndicho alichokuwa akikionja bibi yake kila maji ya nazi yaliporuka.

Ikawa ndiyo kazi yake ya pili. Mzee akitaka mlango uachwe wazi ili asikie watu, Joha alisema anataka ufungwe. Akiomba mwanawe akae, Joha alisema amechoka. Akisema "niitieni Hamida", na sasa alikuwa akisema kutwa, Joha alisema anataka kugeuzwa ubavu. Soud alikuwa mtu mwema na mtiifu. Alitii yote. Akawa anachungulia tu mlangoni akitoka kazini, anaweka mkono kifuani kwa heshima, anakwenda zake. Mkewe, Madam Mozah, akamsifu Joha mbele ya wageni: bila msichana huyu tungekuwa vipofu.

Monicah ndiye aliyemkabili. Ilikuwa jikoni, saa ya kukatakata vitunguu.

"Joha, mimi ni mtu wa Nyeri," alisema bila kugeuka. "Hiyo Kiswahili yenu ya pwani ni ya ndani sana, sikatai. Lakini 'kaeni' si 'tokeni'. Hata ng'ombe wetu anajua hiyo."

"Pika, Monicah."

"Napika. Na sitasema kitu kwa sir, mimi nilikuja hapa kutafuta maisha, si kutafuta maneno. Lakini huyo guka amekukosea nini? Alikunyima chai?"

"Alimwacha dada yake bandarini. Bibi yangu."

Kisu kikasimama. Monicah alimgeukia, macho yamejaa machozi ya vitunguu.

"Kumbe ni guka yako kabisa," akasema.

"Si babu yangu."

"Ndugu ya cucu yako ni nani yako basi? Conductor?" Akarudi kwenye vitunguu vyake. "Haya. Atakufa na maneno kwa mdomo, na hayo maneno yatatafuta pa kulala. Usiseme sikukuambia."

*

Asubuhi moja ya Januari, hewa ikiwa nyepesi, Joha alimtoa mzee roshani amkate kucha. Huko Unguja ndizo siku walizokuwa wakipamba barabara kwa nusu karne ya mapinduzi. Hapa kreni zilikuwa zikigeuka tu.

"We mtoto wa nani kule?" mzee aliuliza ghafla. Siku hiyo maneno yalimtoka wazi kuliko kawaida.

"Wa watu, bwana."

"Kila mtu wa watu." Akatazama vidole vyake vikishikwa. "Mimi nilikuwa na dada. Wa chini. Hamida. Nilimwacha mlangoni."

Joha akaendelea kukata.

"Usidhani nilimtupa," mzee alisema. "Sikiliza. Zamani zetu, mwanangu, mtu akikuuliza barabarani huyu nani, ukisema kijakazi wa nyumba, basi. Keshapita. Nani anamuuliza kijakazi? Anakwenda na nyumba kama sanduku. Nikajidhani nina akili. Nikajisemea, wakijua ni binti wa baba watamwua kama walivyomwua baba. Nikatoa neno la kumpitishia. Kumbe mlango umeshabadilishwa kufuli. Mimi nina ufunguo wa jana." Akapumua. "Neno lililokuwa likimpitisha mtu ndilo lililomkamata."

Joha hakuwa amelitegemea hilo. Alilisikia likimwingia, likatafuta pa kukaa ndani yake, likakosa. Akalisukuma nje. Mbona neno hilo lilikuwa karibu hivyo? Lisingemjia haraka kama lisingekuwa limezoea kinywa chake. Ulimi haukuteleza, ulipita njia uliyoichonga wenyewe.

"Na ulipoulizwa mara ya pili?" akasema.

Mzee akauvuta mkono. "Nani kakwambia niliulizwa mara ya pili?"

"Wewe mwenyewe, bwana. Jana."

Akamtazama. Lile jicho moja lililosalia zima lilimkagua paji, pua, mdomo, kama mtu anayepita nyumba aliyoihama zamani akatazama kama madirisha ni yale yale.

"Mara ya pili nilinyamaza," alisema mwishowe. "Mama alikuwa amenishika shati kwa nyuma. Bunduki ilikuwa mbele. Nilinyamaza, na meli ikaondoka, na siku tatu tulikaa na njaa kwa sababu kikapu alikuwa nacho yeye. Nilifurahi kwa njaa ile. Nikaona bora hata yeye ana cha kula." Akagusa kooni. "Roho imenikaa hapa, haishuki haipandi. Mtu hafi na deni la radhi za mtu mwingine shingoni. Mwambie Soud anitafutie Hamida. Kama yu hai, nimsikie. Nimwombe radhi."

"Nitamwambia, bwana," Joha alijibu, na akamalizia kidole cha mwisho.

Hakumwambia.

*

Lakini Soud hakuwa kiziwi. Jina moja likirudiwa kila siku huacha kuwa kelele. Alasiri moja aliingia na mkewe, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakulifanya tangu wahame.

"Joha," akasema, "baba anasema neno moja kila siku. Hamida. Nani Hamida? Kama ni mtu, sema. Popote alipo nitamleta, nitampandisha ndege kesho."

Mzee alisikia jina. Akainua kichwa mtoni, macho yakaenda kwa mwanawe, yakarudi kwa Joha. Alijua anaulizwa nini. Alimtazama Joha kama mtu aliyetoa karata zake zote, akamwachia mwenzake acheze.

Joha akauona mlango wa bandari. Aliuona kama yumo foleni, na safari hii anayeulizwa ni yeye. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya. Hakuwahi kudhani atapewa swali lile lile.

"Hamida alikuwa kijakazi wenu wa zamani, sir," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Kule Unguja. Khalas, alikwisha kufa."

"Kijakazi?" Madam Mozah akashangaa. "Yote haya kwa ajili ya kijakazi?"

Hapo Joha angeweza kukoma. Hakukoma. Alimwinamia mzee mpaka sikioni, akamwambia kwa Kiswahili safi cha kwao, taratibu, ili kisipotee kitu:

"Wameniuliza Hamida nani. Nimewaambia, huyo kijakazi wetu tu."

Mzee hakulia. Alimtazama, na mtazamo wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha itambua nyumba aliyoihama. Kisha akageuza uso ukutani.

Tangu siku ile hakusema tena. Si kwa Kiswahili, si kwa chochote. Na uji ukiletwa alifunga mdomo. Daktari akaja, akapima, akazungumza na Soud ukumbini kwa sauti ya chini, na Soud akatoka kule amejishika kilemba.

*

Joha alishuka kwenye benchi pembeni ya uwanja wa mchanga, akampigia bibi yake. Alikuwa na kadi mpya ya simu na kifua kilichojaa. Alitaka kumpa zawadi.

"Bibi, mzee ninayemlea ni Khalfan bin Soud."

 Upande wa pili Joha alisikia kuku, na mtoto wa jirani akikaripiwa.

"Nimekulipizia, bibi," Joha akasema, na akasimulia yote: ngazi za Al Mankhool, wajukuu, meli, kucha, na lile neno alilomrudishia mwenyewe. Alisimulia vizuri, alikuwa ameyafanyia mazoezi.

"Umekwisha?" bibi akauliza.

"Ndiyo."

"Alikuwa ananitaka mimi?"

"Kila siku."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako, bibi."

"Na kikapu kakitaja?"

"Kakitaja."

Bibi akapumua kama mtu aliyetua mzigo, kisha sauti yake ikabadilika kabisa.

"Nani alikutuma?"

"Bibi, mimi nilidhani..."

"Nani alikutuma, we Joha? Nimekaa umri mzima na kitu kimoja tu cha kwangu ambacho Khalfan hana. Radhi zangu. Mali yote walichukua, nyumba ikachukuliwa, jina wakanivua. Radhi nikazifunga kwenye pindo la kanga. Nitoe, nisitoe, ni juu yangu. Akiniomba nimwambie ndiyo, nimwambie hapana, nimtukane mpaka asubuhi. Lakini niwe mimi. Mlangoni pale aliulizwa mimi ni nani, akanijibia kaka yangu. Juzi kaulizwa mimi ni nani, kanijibia mjukuu wangu. Mimi nitajibu lini mwenyewe?"

 Mchanga ulikuwa ukimwingia Joha viatuni.

"Tena umeniua," bibi alisema. "Umewaambia nimekufa. Panda juu. Kampe simu."

*

Alimkuta Monicah kitandani kwa mzee na bakuli la uji, anabembeleza kwa Kikikuyu kwa kuwa lugha nyingine zote zilikuwa zimeshindwa. Joha akaweka simu juu ya mto, akaifungua sauti.

"Babu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza. "Una mtu."

Simu ikakwaruza. Kisha sauti ikajaa chumba, kavu na ya karibu.

"Khalfan."

Mgongo wa mzee ukakakamaa.

"Mimi Hamida. Usijisumbue kusema, nimeambiwa umenyamaza. Kunyamaza unakujua tangu zamani." Akakohoa. "Kikapu nilikuwa nacho. Mkate niliula wote. Ile achari ya mama yako nilimpa mbuzi, na mbuzi akaikataa."

Kichwa cha mzee kikageuka kutoka ukutani, kidogo kidogo, kama mlango mzito.

"Nimekupasua kila siku, Khalfan. Kila tui lililopikwa nyumba hii lilikuwa lako. Na hukwisha! Nasikia unataka radhi. Ninazo. Ziko hapa nimezishika. Sikupi."

Monicah akaziba mdomo kwa kiganja. Joha alimtazama mzee, akamwona midomo inacheza, akadhani ndio mwisho. Sauti ikamtoka, ya kukwaruza, na ikamchukua Joha kitambo kutambua kuwa mzee alikuwa anacheka.

"Leo sikupi," Hamida akaendelea. "Ijumaa nitakupigia tena, unisikilize nikikunyima."

"Nitangoja," mzee akasema.

Soud alikuwa amesimama mlangoni. Amemsikia baba yake akicheka, kitu alichokisahau. Aliuliza kwa kichwa tu: nani?

"Ni dada yake, sir," Joha akasema. "Hamida. Baba mmoja. Yu hai. Na mimi ni mjukuu wake."

"Ulisema kijakazi."

"Nilisema alivyosema yeye."

Akamweleza. Safari hii hakupunguza na hakuongeza, na lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kutafsiri. Madam Mozah alitaka Joha akatiwe tiketi ya kurudi kwao jioni ile ile. Soud alikuwa akimtazama baba yake, ambaye alikuwa amefungua mdomo na kumwonyesha Monicah kijiko.

*

Joha hakufukuzwa, kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakuja na mzee asingekula bila simu. Soud alimtumia Hamida tiketi ya ndege, naye akairudisha. Niliambiwa sipandi, alisema, sipandi. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga, akamnyima kaka yake radhi, akamweleza habari za mtaa, akakata. Ubani wa Ijumaa haukuonekana tena nyumbani kwake.

Daktari alikuwa amempa Mzee Khalfan wiki chache. Aliishi mpaka mwaka elfu mbili na kumi na saba. Wajukuu walizoea kukaa naye, mlango wazi.

Hamida alitangulia kufa, Jumatano, jikoni kwake. Kama alitoa radhi kabla ya hapo, hakumwambia mtu. Ijumaa ile mzee aliwekewa simu kifuani. Alipouliza, "Kapiga?" Joha, ambaye sauti yake kwenye simu watu waliifananisha na ya bibi yake, hakumwigiza, alijibu, "Hajapiga, babu." Akauliza tena Jumamosi. Alikufa wiki iliyofuata, akazikwa Dubai.

Soud anajua maneno matatu ya Kiswahili: Hamida, kikapu, sikupi. Madam Mozah hakumsemesha Joha tena. Monicah amerudi Nyeri, ana mkahawa wake na anafuga ng'ombe wawili.

Joha yuko Unguja katika nyumba ya bibi yake. Nazi anapasua mwenyewe. Hazipi jina.